Vile vitundu vya ukutani: utajuaje kama stoo ya mtaani kwenu ilikuwa sinema

"Shikamoo mtaalamu. Mi naishi mjini kati hapa Dar. Mtaani kwetu kuna jengo kubwa la zamani ambalo siku hizi ni stoo ya matairi. Niliingia siku moja kusaidia kupakua mzigo nikaona sakafu imeteremka kama kilima, na juu kabisa kwenye ukuta wa nyuma kuna vitundu vya mraba vimepangana. Nje kuna ngazi ya chuma inapanda mpaka kwenye kamlango kadogo. Bibi yangu anasema lilikuwa ukumbi wa ngoma na mambo ya wanawake. Mzee jirani anasema ilikuwa sinema ya serikali ya mkoloni. Mjomba anasema ilikuwa sinema ya Mhindi, Nyerere akaifunga, iliyobaki ikamaliziwa na TV. Nasikia litavunjwa lipandishwe ghorofa. Nataka kuandika historia yake kabla halijaondoka ila naogopa kuandika uongo. Nianzie wapi? Na je, haliwezi kurudishwa likawa sinema tena?"

Marahaba mdogo wangu. Nikikusoma naona kinachokusumbua sio historia yenyewe, ni kwamba una wazee watatu unaowaheshimu na kila mmoja kakwambia lake, na huku muda unakwisha. Basi tulia kidogo. Kwa hayo uliyoyaona kwa macho yako, mi naweka kwamba hapo palikuwa sinema, na uwezekano mkubwa hakuna mzee hata mmoja kati ya hao watatu aliyekudanganya. Kila mmoja anakumbuka kipande chake. Hilo swali la kurudisha nitalifikia huko mwisho, na nakutayarisha kabisa kwamba jibu lake sio tamu.

Tuanze na vitundu, maana jengo lenyewe ndo shahidi ambaye hajasahau. Filamu za zamani zilikuwa zinatengenezwa kwa naitreti, plastiki ambayo ni ndugu wa damu na baruti. Ikishika moto huizimi kwa maji wala kwa kuifunika na blanketi, kwa sababu oksijeni ya kuunguzia iko ndani yake yenyewe, na watu waliungua kweli kwenye majumba ya sinema huko duniani mpaka serikali zikaanza kulazimisha kwamba chumba cha mitambo kijengwe peke yake, kuta nene, mlango wa chuma, kiwe na njia yake ya kutokea isiyopita kwa watazamaji. Hiyo ngazi ya chuma ya nje na kamlango kadogo nadhani ndo hapo. Kodak waliacha kutengeneza naitreti mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini mtindo wa ujenzi uliendelea muda mrefu baada ya hapo, kwa hiyo ngazi peke yake haikupi mwaka.

Sasa hesabu vitundu. Mkanda mmoja wa filamu ya milimita 35 ulikuwa unacheza kama dakika 20 hivi basi umeisha, na picha ya masaa mawili na nusu ina mikanda saba nane, kwa hiyo sinema inayojiheshimu ilikuwa na mashine mbili, moja ikimaliza nyingine inadaka bila watu kushtuka. Kila mashine inahitaji kitundu cha kupitisha mwanga na kingine cha fundi kuchungulia. Ukikuta vinne vimekaa viwiliviwili, au zaidi, hapo ubishi umeisha, ukumbi wa dansi hauna sababu yoyote ya kuwa na hivyo vitu. Angalia pia kama juu ya vitundu kuna reli za chuma au vibati vya kuteremka, hivyo vilikuwa vinajifunga vyenyewe moto ukitokea. Na kama kwenye paa la kile chumba kuna bomba kama la jiko, hilo lilikuwa linatoa moshi, maana taa ya mashine ilikuwa ni vijiti viwili vya kaboni vinavyorushiana umeme kama mtu anachomelea geti.

Mteremko wa sakafu nao ni hivyohivyo. Hakuna mtu anayecheza rumba kwenye kilima. Ila pima mteremko unaanzia wapi, kwa sababu majengo mengi yalianza kama ghala au ukumbi wa kawaida, yakageuzwa sinema baadaye, na huko utakuta sakafu ya mbele ni bapa kabisa halafu nyuma ndo wameinua kwa zege. Kwenye ukuta wa mbele tafuta alama za pazia la picha. Mpaka mwaka 1953 picha ilikuwa na umbo kama la TV ya kichogo, baada ya hapo ndo zikaja pana, na wenye sinema wengi wakabomoa pembeni ili pazia jipya lienee, ukiona ukuta wa mbele umetanuliwa kwa tofali za aina nyingine basi ujue jengo lilikuwepo kabla ya hapo.

Tahadhari moja hapa, maana mi mwenyewe iliniponza nilipoanza kazi hii. Niliwahi kuandika umri wa jengo kwa kuangalia tu mwaka uliochorwa juu ya mlango, kumbe ule ulikuwa mwaka wa jengo la pili, la kwanza lilishaondoka zamani na mimi nimeshachapa. Chukua mfano wa Zanzibar unaojulikana, pale Vuga. Mwaka 1921 palijengwa Royal, jumba la sinema la maana kabisa. Baadaye likabadilishwa jina likawa Majestic, likaungua, na lile watu wanalolijua leo ni la mwaka 1955. Kiwanja kimoja, majina mawili, majengo mawili. Mtu aliyezaliwa 1940 na mtu aliyezaliwa 1950 wanaweza wakabishana usiku kucha kuhusu hiyo sinema na wote wako sawa.

Na hiyohiyo Royal inatusaidia kumwelewa mzee wako wa "sinema ya serikali". Aliyeichora ni John Sinclair, Mwingereza, ofisa mkubwa kabisa wa serikali ya kikoloni kule kisiwani. Ukisikia hivyo haraka unasema serikali ndo ilijenga. Hapana. Mwenye mali alikuwa mfanyabiashara wa hapohapo Zanzibar, Hassanali Adamji Jariwalla, ambaye kabla ya hapo alikuwa anaonyesha picha kwenye banda la mabati mpaka watu wakaliita Sinema ya Bati. Na ndivyo ilivyokuwa karibu kote kwetu, Unguja, Dar, Tanga, mpaka miji midogo ya bara. Majumba ya sinema yalijengwa na familia za wafanyabiashara, wengi wenye asili ya Kihindi, wazaliwa wa huku, kwa pesa zao. Mkoloni kazi yake ilikuwa kukagua filamu, kukata vipande asivyovipenda, na kuamua ipi Mwafrika aruhusiwe kuona na ipi asiruhusiwe.

Ila sinema ya serikali ilikuwepo kweli, sema haikuwa na jengo. Ilikuwa ya gari. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika, makao yake Vugiri kule Tanga, wanazunguka na lori na jenereta wanatandika pazia uwanjani, picha zenyewe ni za kilimo, afya, kulipa kodi, mambo ya hivyo. Baada ya hapo magari ya serikali yaliendelea miaka mingi. Kwa hiyo muulize yule mzee maswali mawili tu: ulikaa kwenye kiti au ulikaa chini? Ulikata tiketi au ilikuwa bure? Akikwambia bure na chini basi anakumbuka gari, na pengine lilikuwa linapaki mbele ya hilohilo jengo, ndo maana kichwani mwake vimeungana.

Tuje kwa bibi, na hapa naomba usimpuuze kabisa, kwa sababu watu wengi wanaoandika historia za sinema wanaongea na wababa tu. Miji ya pwani ilikuwa na shoo za zanana, yani za wanawake watupu, kwa kawaida mchana, picha ya Kihindi yenye nyimbo na machozi ya kutosha. Wanawake wanakuja na watoto, na mabuibui yao, na mwanaume haruhusiwi kusogea. Kwa mama wa mtaani ambaye hatoki hovyo hiyo ilikuwa siku yake ya kuonana na wenzake. Kwa hiyo bibi akisema "mambo ya wanawake" mi nasikia zanana hapo, japo inabidi umuulize mwenyewe. Na ngoma pia sio uongo. Jukwaa la mbele ya pazia lilikuwa linakodishwa, leo taarab, kesho mkutano wa siasa, keshokutwa maigizo ya shule. Halafu baadaye, miaka ya 80 na 90, Dar ilijaa vikundi vya sanaa kama Muungano na Mandela, na TOT, yani Tanzania One Theatre, iliyoanza 1992, ambavyo usiku mmoja vinakupa ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarab kwa kiingilio kimoja, na vilikuwa vinapiga kwenye kumbi za mitaani na baa kubwa kubwa, DDC Kariakoo, Vijana Kinondoni, kule. Ukumbi wowote wenye paa na jukwaa uligombewa. Inawezekana kabisa sinema ilishakufa, bibi akaingia humo na enzi hizo.

Sasa mjomba. Huyu ndo mwenye maelezo unayoyasikia kila kijiwe, na ndo yenye kasoro nyingi kuliko ya wengine. Nyerere hakufunga majumba ya sinema. Kilichotokea ni vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Mwaka 1968 iliundwa kampuni ya filamu ya umma, Tanzania Film Company, watu wakaiita TFC, ambayo ikaja kushika uingizaji na usambazaji wa filamu zote. Halafu mwaka 1971 ikapita sheria ya kutaifisha majumba yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sinema nyingi zilikuwa kwenye majengo ya thamani hiyo, zikachukuliwa. Lakini milango ilibaki wazi! Watu waliendelea kukata tiketi miaka yote ya 70, na walanguzi waliendelea kuuza tiketi nje kwa bei ya kuruka, uliza mtu yeyote aliyekuwa kijana enzi za Bruce Lee atakwambia alivyopanga foleni. Kule visiwani ilishatokea mapema zaidi, baada ya Mapinduzi ya 1964, na bado watu walienda.

Kilichoua ni polepole na kinachosha zaidi kusimulia. Jumba la sinema sio jengo, ni bomba, linaishi kwa kinachopita ndani yake. Wiki hii picha mpya, wiki ijayo mpya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70, na vita vya Kagera juu yake, nchi ikaishiwa pesa za kigeni, na kama taifa linahangaika kupata mafuta na dawa nani atatoa dola za kununua mikanda ya filamu, au vijiti vya kaboni, au spea ya mashine. Ikawa picha zilezile, mkanda umechanika na kuungwa mpaka steringi anaruka kutoka kwenye farasi mpaka kitandani bila maelezo. Feni zinakufa, viti vinachanika, mwenye jengo sio tena yule aliyekuwa anasimama mlangoni kila jioni kuangalia watu wanacheka wapi. Na hapohapo kwenye miaka ya 80 video ikaingia, mtu anakuja na kanda kutoka Uarabuni au Uingereza, inadurufiwa, mtaa mzima unaangalia sebuleni kwa mtu, mwisho kikazaliwa kibanda umiza, benchi, kiingilio cha mfukoni, picha ya mwezi uliopita. Sinema ya mtaa haikuwa na jibu la hilo.

TV? Angalia mwaka. Bara TV zimeanza kurusha 1994. Kufikia hapo sinema nyingi zilishakuwa mahututi. Na Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, mapema kuliko karibu wote Afrika hii, na bado sinema zao ziliendelea kujaza. Kwa hiyo mwambie mjomba, kwa adabu, TV ilikuta mgonjwa kitandani.

Haya, karatasi utazipata wapi. Usianze na jina la sinema, anza na namba ya kiwanja, kwa sababu majina yanabadilika ila kiwanja na kitalu havihami. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji wanaweza kukuelekeza, au mwenye ile stoo akiwa muungwana. Ukishaipata, kama jengo lilitaifishwa kuna uwezekano faili lake lilihamia Shirika la Nyumba la Taifa, kwa sababu kazi za Msajili wa Majumba ziliunganishwa huko 1990. Mengine yalirudishwa kwa wenyewe. Halafu nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, na ukumbi wa East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizia utaratibu wa kibali kabla hujafunga safari, beba barua ya utambulisho. Huko omba magazeti. Tanganyika Standard limeanza 1930 na matangazo ya sinema yamo ndani, picha gani, saa ngapi, ukumbi gani. Kwa Kiswahili jaribu Ngurumo, la kuanzia 1959 mpaka 1976, na Uhuru. Usisome gazeti zima utazeeka, fungua la Ijumaa na Jumamosi tu, nenda kwenye ukurasa wa matangazo, andika tarehe na jina la ukumbi. Mwaka ambao tangazo linaonekana mara ya kwanza, mwaka ambao jina linabadilika, mwaka ambao linapotea. Hizo tarehe tatu zina thamani kuliko masimulizi ya masaa sita.

Na masimulizi nayo yana namna yake. Ukimuuliza mzee "lilijengwa mwaka gani" utapata namba ya kubuni, sio kwa ubaya, ubongo ndo ulivyo. Muulize picha gani aliona pale, alikwenda na nani, alikaa chini au balkoni, tiketi ilikuwa shilingi ngapi, alipokuwa anaenda alikuwa ameoa au bado. Ila usinase mtego wa filamu: akikwambia aliona picha fulani ya mwaka 1957, hiyo haimaanishi alikuwa pale 1957, maana picha za Kihindi zilikuwa zinarudiwa na kurudiwa hata baada ya miaka ishirini. Inakwambia tu kwamba sio kabla. Mtafute pia yeyote aliyekuwa fundi mitambo au kijana wa baiskeli. Sinema mbili zikishea kopi moja ya picha, kijana alikuwa anakimbiza mikanda iliyokwisha kutoka hapa kwenda kule kwa baiskeli, na akipata pancha ukumbi mzima unapiga miluzi. Mmoja wao bado yupo mtaani kwenu au watoto wake wapo.

Sasa la kurudisha kuwa sinema. Kisheria jengo lako halina ngao ya moja kwa moja. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe vitu vya kabla ya 1863, vya baada ya hapo mpaka vitangazwe rasmi, na sinema zote ni za baada. Mji Mkongwe Zanzibar wana mamlaka yao na hadhi ya urithi wa dunia tangu 2000, Kariakoo na mjini kati hakuna kitu cha namna hiyo chenye nguvu sawa. Halafu hesabu ya biashara, viti mia sita kwenye ukumbi mmoja huwezi kuvijaza leo kwa kuonyesha picha pekee, na ardhi ya chini yake ina bei ambayo tiketi haitakaa iifikie. Ile drive-in ya Dar iliyofunguliwa 1966, magari yanajaa wikiendi, leo eneo lake wamejenga ubalozi wa Marekani.

Kinachofanikiwa ni jengo kupata kazi nyingine inayofanana na ya zamani. Nairobi pale Ngara, Shan ilikuwa sinema, ikawa Sarakasi Dome, watu wanafanya mazoezi ya sarakasi na maonyesho. Nyingine kule na huku zimekuwa makanisa, na najua wapenzi wa sinema wanaumia wakisikia hivyo, mi siumii sana, kanisa linahitaji ukumbi mpana, jukwaa na paa lisilovuja, kwa hiyo angalau litaziba paa. Kama una uwezo wa kukaa na mwenye jengo, usimpelekee ombi la sinema, mpelekee wazo la ukumbi, na mwombe hata sura ya mbele ibaki wakipandisha ghorofa nyuma. Akikataa ndo haki yake, usigombane, omba tu siku moja ya kupima na kupiga picha kabla hawajaleta mashine.

Hiyo siku usiende peke yako, na hapa sitanii. Balkoni ya miaka yote hiyo usiikanyage mpaka injinia wa majengo aione, nondo za pwani zinaoza ndani ya zege na juu huoni kitu. Dari na mapaa ya zamani mengi yana asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu ukizivuta, usivunje, usikwangue, usifagie vumbi lake, ukiona vipande vimeshadondoka toka nje uite watu wenye vifaa. Na ukikuta makopo ya mikanda kwenye chumba cha mitambo usiyafungue kwa pupa. Yakinuka siki hiyo ni filamu ya baadaye inayooza, haina hatari ya mlipuko. Ila ikiwa inanata, ina ungaunga wa kahawia, na pembeni ya mkanda haijaandikwa SAFETY, acha palepale, hakuna sigara, hakuna taa ya moto, wapigie zimamoto na uwaambie kabisa ni filamu ya naitreti ili wasije na akili ya moto wa kawaida.

Kwa wiki hii fanya mambo mawili tu. Kaa na bibi na simu ikiwa inarekodi, muulize ni nani alikuwa anakaa naye kwenye zile shoo za mchana. Halafu ukienda tena kupakua matairi, simama katikati ya ukumbi, geuka utazame nyuma, piga picha vile vitundu vyote kwa pamoja pamoja na kitu cha kupimia, hata ufagio, unitumie na namba ya kiwanja. Nikishaona ukubwa wa vitundu na vimekaa urefu gani kutoka sakafuni naweza kukwambia kama hiyo ngazi ya nje ni ya chumba cha mitambo au waliiweka watu wa stoo.